Mikono Iliyobaki Magotini

Katika kilima chetu cha Nyarutojo mtu anaweza kuishi bila mengi, lakini hawezi kuishi bila Chama cha Machela. Kutoka nyumba ya juu kabisa hadi mahali ambapo gari linafika ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mwenye magoti mazima, na njia yenyewe ni ya mbuzi. Mgonjwa hushushwa kwa machela ya kusukwa, wanaume wanne wakiibeba na wengine wanne wakifuata nyuma ili kupokezana. Anayefia hospitali hupandishwa kwa machela hiyo hiyo. Kaya zote arobaini na mbili ni wanachama. Aliyetengwa na chama hatabebwa akiugua, na akifa watoto wake watajua wenyewe la kufanya. Kwa sababu hiyo watu wetu huchunga sana maneno yao mbele ya chama, na mbele ya mwenyekiti huyachunga zaidi. Mwenyekiti nilikuwa mimi, kwa miaka kumi na tisa.

Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya kilima kwa miaka ishirini na sita, na karibu kila mwanamume aliyetia bega chini ya machela katika siku zangu nilimfundisha mimi kusoma na kuandika. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema ili ifahamike kwa nini neno langu lilikuwa na uzito ule, na kwa nini hakuna mwingine wa kubebeshwa yaliyotokea.

Sisi wa Kigezi ya juu, kusini-magharibi mwa Uganda, tulilelewa tukiamini kwamba baridi ni ukuta. Wakoloni walipoona vilima vimejaa watu, waliwahamisha wengi kwenda nchi tambarare za kaskazini. Kaka yangu Tibesigwa alikwenda akiwa kijana wa miaka ishirini, mwenye kifua kipana na jembe jipya, akafa kwa malaria kabla ya kuvuna mavuno yake ya kwanza. Mama yetu hakulia mbele ya watu. Alisema tu kwamba angebaki nyumbani asingekufa. Tangu siku hiyo, katika nyumba yetu, malaria haikuwa ugonjwa. Ilikuwa adhabu ya waliokiacha kilima, nasi tuliobaki tuliivaa baridi yetu kama watu wengine wavaavyo nishani.

Mjukuu wangu Komuhangi, binti wa mwanangu wa kwanza, alisomea uuguzi akapangiwa kituo cha afya kilicho chini bondeni. Picha yake ya mahafali niliitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kuketi bila kuiona. Basi alipoomba nafasi ya kuzungumza katika mkutano wa chama wa mwezi wa pili, nilimpa kwa furaha. Nilidhani atatuhimiza kunawa mikono.

Tulikutana kama kawaida katika darasa la sita, watu wazima tukiwa tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao. Komuhangi alisimama mbele ya ubao.

"Baba zangu, mama zangu," alisema, "zamani kituoni tulikuwa tukipima malaria tunaikuta kwa watu wa bondeni tu. Sasa wanaanza kutoka huku juu. Nchi inapata joto, na ninyi mnaona. Migomba imefika kwa mzee Bakesiga, mahali ambapo baridi ilikuwa inaunguza hata viazi. Watoto wanakwenda shule mwezi wa saba bila sweta. Joto likipanda, mbu naye anapanda."

Aliomba mambo matatu. Kwamba chama kitoe Jumamosi moja ili kufukia mashimo ya zamani ya matofali pembeni mwa bonde, ambamo maji yalikuwa yametuama. Kwamba kila nyumba itundike chandarua. Na kwamba mtoto yeyote atakayechemka mwili apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo.

Niliinuka nikiegemea fimbo.

"Mjukuu wangu, tumefurahi kukusikia," nilisema. "Umesoma. Lakini naona chuo kimekufundisha habari za watu wa tambarare, kikasahau kukukumbusha ulikozaliwa."

Watu walicheka. Kicheko kile kilinipendeza, nikaendelea.

"Tufanye kama tulivyokuwa tukifanya humu darasani. Yeyote aliyeumwa na mbu nyumbani mwake, hapa Nyarutojo, na ainue mkono."

Hakuna mkono ulioinuka. Niliyatazama madawati yote, safu kwa safu, kwa jicho lile lile nililolitumia zamani kumtafuta aliyeiba chaki. Mikono yote ilikuwa imetulia juu ya magoti.

Na mimi, niliyeuliza? Jioni iliyotangulia nilikuwa nimeua mbu wawili ukutani kwa soli ya kiatu, wakaacha madoa mawili ya damu ambayo mke wangu Yunia aliyafuta kwa kitambaa. Kwa miaka miwili nilikuwa nikifukiza majani ya mkaratusi chumbani, nikimwambia kwamba ni kwa ajili ya kifua changu. Mkono wa kwanza kuinuka ulipaswa kuwa wangu. Niliukaza juu ya kichwa cha fimbo. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba ni nyumba yangu peke yake iliyoingiliwa, labda kwa sababu ya pipa la maji lililo nyuma ya jiko, na kwamba jambo la nyumba moja si jambo la kilima. Nilipoiona mikono ile yote imelala, moyo wangu ulitulia kabisa. Watu arobaini na kitu walikuwa wamenithibitishia kwamba ninayoyaona kwa macho yangu hayapo.

"Umeona, mwanangu?" nilimwambia Komuhangi. "Keti."

Aliketi.

Hakukata tamaa upesi. Watoto wetu walioko Kampala na Mbarara walikuwa wametuanzishia kundi la simu liitwalo Kilima Kimoja, ambamo watu hutumiana sala za asubuhi, habari za misiba na picha za harusi. Siku tatu baada ya mkutano, Komuhangi aliweka humo picha ya bilauri ya maji aliyoyachota katika mashimo ya matofali. Ndani yake viluwiluwi vya mbu vilikuwa vimejaa kama mbegu za ufuta. Chini aliandika: "Haya ni maji yetu, si ya tambarare."

Kwa saa nzima hakuna aliyejibu. Watu waliiona, simu inaonyesha nani ameona. Walikuwa wakinisubiri. Nikavaa miwani, nikaandika kwa utaratibu, herufi kubwa mahali pake na nukta mahali pake: "Tusiogopeshwe. Habari za tabianchi zina wenyewe wanaokula pesa zake. Baridi ya Nyarutojo iliwekwa na Mungu, na haiondolewi kwa picha ya bilauri."

Vidole gumba vilianza kumiminika. Hadi saa ya chakula cha mchana vilikuwa vimefika thelathini na kimoja. Mmoja aliyeko Kampala, ambaye hajakanyaga kilima kwa miaka minne, aliandika: "Mwalimu amesema." Niliviangalia vidole vile mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu.

Komuhangi aliiondoa picha. Jioni alipanda hadi kwangu, akakataa kuketi.

"Babu, umeniaibisha."

"Nimekufundisha."

"Umenifundisha nini?"

"Kwamba mtu hawatii watu wake hofu hadharani."

"Na wakiwa na hofu tayari?"

"Niliwauliza ukiwapo. Uliona mkono?"

Aliitazama fimbo yangu, kisha akanitazama mimi. "Bibi ameniambia habari za mkaratusi," alisema, akageuka, akaondoka. Jumapili iliyofuata hakuja kula kwetu, wala iliyofuata hiyo.

Mvua za mwezi wa nne zilikuja za joto. Hapo awali mvua zetu zilimfanya mtu akimbilie jikoni kuota moto. Hizi zilimwacha na jasho ndani ya koti. Watu waliambiana hilo njiani kama salamu tu. "Joto, eh?" "Joto." Kila mmoja akaendelea na safari yake.

Siku ya Jumatatu moja Kyarisiima alisimama kwenye uzio wangu akiwa na mtoto mgongoni. Kyarisiima ni jirani wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mumewe alikuwa Kampala akichimba misingi ya majengo, naye alibaki na binti yao mmoja wa miaka minne, Atukunda, mtoto mwenye maneno mengi aliyezoea kunisalimu kwa kelele kutoka mbali.

"Mwalimu, mtoto anachemka tangu jana jioni," alisema. "Nikaona nisifanye kitu bila kukuuliza."

"Anakula?"

"Anatapika. Nilikuwa nafikiria nimshushe kwa Komuhangi, apimwe ile..." Hakulimaliza neno.

"Ile nini?"

Akatazama chini. "Ile ya mbu."

Nilimgusa mtoto kwenye paji la uso kwa mgongo wa mkono. Alikuwa moto kama sufuria. Hakunisalimu. Nakumbuka kwamba niliona hakunisalimu.

"Mama Atukunda," nilisema, "ukimshusha, ataandikwa katika kitabu cha malaria, na kesho watasema Nyarutojo yote imeoza. Haya ni mafua ya mvua. Mfunike vizuri, mpe uji wa mtama, ungoje siku mbili."

"Siku mbili, Mwalimu?"

"Mbili."

"Haya, Mwalimu. Ahsante."

Alinishukuru. Sijapata kusikia neno zito kuliko ahsante ile, ingawa uzito wake sikuuhisi siku hiyo.

Alhamisi asubuhi pembe ya kuwaita wabebaji wa machela ililia. Nilipofika, Nkwasibwe, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amekwisha kumlaza mtoto juu ya blanketi, na mtoto alikuwa akitupatupa mikono na miguu kwa degedege, macho yamegeuka. Wanaume waliinua machela. Walishuka karibu mbio, wakipokezana bila kusimama, nami nikawafuata kwa fimbo, nikianguka mara mbili kwenye utelezi. Nilifika kituoni Komuhangi akiwa amekwisha kumtoboa mtoto kidole. Alikiweka kile kipimo mezani, mistari miwili ya malaria ikitokeza wazi, akakisogeza upande wangu kwa kidole kimoja bila kunitazama.

"Ilianza lini?" alimwuliza Kyarisiima.

Kyarisiima alinitupia jicho. Ilikuwa mara moja tu, na kwa muda mfupi sana. Kisha akasema, "Nimechelewa, nesi. Ni mimi nimechelewa."

Nami nilikuwapo, nimesimama wima, na kofia mkononi. Sikusema kitu.

Gari lilimchukua mtoto na mama yake kwenda hospitali ya mjini. Wanaume wakaanza kuipandisha machela tupu. Magoti yangu yaliniacha nyuma yao. Walipofika kwenye kona ya mwamba walitua kupumzika, nami nikafika upande wa chini wa mwamba ule ule, nikakaa juu ya jiwe kutafuta pumzi. Hawakujua kwamba nipo. Wa kwanza kusema alikuwa Turyatemba, seremala, mtu ambaye hata msibani huwa na mzaha.

"Niwaambieni kitu, na atakayekitoa nje namlamba randa. Kwangu kuna chandarua."

Kisha Nkwasibwe akauliza, "Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Binti yangu alikileta kutoka Mbarara. Mgeni akipiga hodi, mke wangu anakirusha darini kama mwizi wa kuku."

"Kwangu viko viwili," Nkwasibwe alisema polepole. "Tulipewa kliniki mke wangu alipokuwa mjamzito. Watoto tumewaambia wakithubutu kusema shuleni tutawachapa."

"Wewe! Na ulikuwa unanicheka nikifunga madirisha mapema!"

"Nilikuwa nakucheka usije ukaingia ndani ukaviona."

Walicheka, kicheko cha watu waliochoka. Sauti ya Bakesiga, katibu wa chama, iliwakemea. "Ninyi hamna aibu."

"Na wewe, katibu?"

"Mimi ni mtu wa kanisa."

"Tumekuuliza habari za chandarua, hatujakuuliza kanisa."

Bakesiga alikohoa. "Kipo," alisema. "Cha buluu."

Nilisikia machela ikigongwa kwa kiganja, wakicheka upya. Kisha Turyatemba akamwuliza Nkwasibwe, "Sasa wewe, siku ile mbona hukuinua mkono?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe. Umetulia kama nguzo. Nikasema, huyu kwake hakuna mbu, nikiinua nitabaki peke yangu kama mjinga."

"Nami nilikuwa namwangalia Bakesiga."

"Mimi nilikuwa namwangalia Mwalimu," Bakesiga alisema. "Nani angethubutu kumwambia Mwalimu kwamba baridi yake imekwisha?"

"Mimi hata kidole gumba nilimwekea," Turyatemba alisema. "Na nilikuwa nimelala ndani ya chandarua wakati nakiweka."

Safari hii hawakucheka sana. Nkwasibwe akasema, kwa sauti ambayo ilinilazimu kuinua kichwa ili niisikie, "Kwa Kyarisiima hakipo. Alitaka kununua. Akaja kumwuliza mke wangu kama sisi tunacho."

"Mkeo akasemaje?"

"Akasema hatuna."

Waliinua machela wakaenda. Nilibaki kwenye jiwe lile hadi mvua iliponifukuza. Ningependa kusema kwamba niliwaza habari za mtoto. Kwa kweli jambo la kwanza lililonijia lilikuwa hili: kwamba wakati nilipokuwa nikivitazama vidole thelathini na kimoja kwenye simu yangu, wenye vidole hivyo walikuwa wakinitazama kutoka ndani ya vyandarua vyao kama mtu atazamavyo mzee anayepaswa kudanganywa kwa upole. Hata katika saa ile nilijiwaza mwenyewe kwanza.

Atukunda alipona. Alirudi baada ya majuma matatu, amekonda, akitembea vizuri, akila. Lakini malaria ilikuwa imeingia kichwani, na ilipotoka iliondoka na masikio yake. Madaktari walisema huenda ikawa hivyo daima. Maneno yake mengi yalianza kupungua, siku kwa siku, kwa sababu hayakuwa na pa kurudia.

Chama kina kanuni. Kifungu cha saba, nilichokiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kinasema kwamba atakayechelewa kuita machela hadi mgonjwa azidiwe atasimama mbele ya wanachama, akaripiwe na mwenyekiti, ili mabega ya watu yasichoshwe na uzembe. Niliona mwezi mzima ukipita nikijua kwamba mkutano unakuja na kwamba kifungu hicho kitasomwa. Mara mbili nilikwenda hadi kwenye uzio wa Kyarisiima. Mara ya kwanza nilimkuta akifua, nikamwuliza habari za maharage. Mara ya pili nilimkuta amemshika mtoto mashavu kwa mikono miwili, akimtamkia neno mama kwa midomo wazi, polepole, tena na tena. Nilirudi kabla hajaniona.

Katika muda huo kilima kilikuwa kimekwisha kumpata mkosaji wake. Kwenye kisima, kanisani, na katika lile kundi la simu, walisema kwamba Kyarisiima ni mama mzembe, kwamba mumewe akiwa mbali akili yake huwa mbali pia. Niliyasoma. Hakuna aliyetaja mbu. Kila aliyekuwa na chandarua alikuwa na sababu ya kumlaumu asiyekuwa nacho.

Mwezi wa tano tukakutana darasa la sita. Kyarisiima alisimama mbele ya ubao, mahali pale pale alipokuwa amesimama Komuhangi. Hakuwa na wa kumwachia mtoto, hivyo Atukunda alikaa sakafuni karibu na mlango, ametugeuzia mgongo, akipanga vizibo vya soda. Komuhangi alikuwa amekuja pia, akasimama nyuma kabisa, karibu na dirisha. Bakesiga akafungua daftari.

"Mama Atukunda, ulimwona mtoto anaumwa lini?"

"Jumapili jioni."

"Ukaita machela lini?"

"Alhamisi."

"Siku zote hizo ulikuwa unangoja nini?"

"Nilingoja."

"Tumeelewa ulingoja. Ulingoja nini?"

"Nilingoja tu, katibu."

"Simu anayo!" sauti ya mwanamke ilisema kutoka nyuma. "Ya kutuma picha za harusi anayo, ya kuita machela hana!"

Wengine walicheka. Kyarisiima hakuinua macho. Hakunitazama hata mara moja, na hapo nilifahamu kwamba hatanitazama, kwamba atayabeba yote hadi mwisho, kwa sababu mimi ndimi niliyemfundisha kuwa mwalimu hasemewi vibaya mbele ya watu.

"Mwenyekiti," Turyatemba alisema, "karipia tumalize, mawingu hayo."

Nilisimama. Kwa miaka yote ya kusimama mbele ya watu sikuwahi kutafuta neno nikalikosa, lakini siku hiyo niliyatazama madawati, na madawati yakanitazama.

"Alikuja kwangu Jumatatu," nilisema. "Alitaka kumshusha mtoto akapimwe. Mimi nilimkataza. Nilimwambia angoje siku mbili. Alinitii."

Watu waligeukiana. Kisha minong'ono ikaanza, na minong'ono ile ilikuwa ya huruma, kwangu.

"Hapana, Mwalimu, usijitwike," Bakesiga alisema.

"Mwalimu ana moyo," alisema mwingine. "Anamsitiri mama wa watu."

"Huyo ndiye kiongozi!"

Niliona kwamba walikuwa tayari kuigeuza hata aibu yangu kuwa sifa, na kwamba nikinyamaza hapo nitatoka humo nikiwa nimeheshimiwa kuliko nilivyoingia. Nakiri kwamba kwa kitambo nilisita. Palikuwa na joto la kupendeza katika minong'ono ile.

"Simsitiri mtu," nilisema. "Mwezi wa pili niliwauliza swali humu ndani. Nilipouliza, mimi mwenyewe nilikuwa nimeua mbu wawili chumbani mwangu jana yake. Miaka miwili nafukiza mkaratusi, namdanganya mke wangu kwamba ni dawa ya kifua. Nililijua jibu, nikauliza ili msijibu. Nauliza tena. Yeyote aliyeumwa na mbu nyumbani mwake, hapa kilimani, na ainue mkono."

Nikaiachia fimbo, ikaanguka, nikainua mkono wangu wa kulia.

Nilisimama hivyo peke yangu kwa muda mrefu. Mkono wa mzee huchoka upesi. Niliushikilia kwa mkono wa kushoto. Waliangaliana. Turyatemba alimtazama Nkwasibwe, Nkwasibwe akamtazama mkewe, mkewe akatazama sakafu. Wa kwanza alikuwa mkewe huyo. Aliuinua mkono nusu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka nje, na machozi yalikuwa yakimtoka. Kisha Nkwasibwe. Kisha Turyatemba, bila mzaha wowote usoni. Bakesiga aliweka kalamu chini akainua wake. Halafu ikawa safu kwa safu, wanaume na wanawake, hadi darasa likawa kama lilivyokuwa asubuhi zile nilipouliza swali ambalo kila mtoto analijua. Yule mwanamke wa simu na harusi aliinua pia.

Komuhangi pale dirishani hakutabasamu. Sikuona ushindi usoni mwake, wala sikustahili kuutafuta.

Kyarisiima aliinua macho kwa mara ya kwanza. Alitazama mikono ile yote, kuanzia dawati la mbele hadi la nyuma, bila haraka.

"Hii mikono ilikuwa wapi?" aliuliza.

Alimgeukia mke wa Nkwasibwe. "Wewe nilikuja hadi mlangoni kwako."

"Dada, nisamehe."

"Nilikuuliza kama mna chandarua."

"Dada..."

Alimwacha, akanigeukia mimi. Sauti yake haikupanda.

"Mwite," alisema.

"Mama Atukunda—"

"Umesema mbele ya watu, nami nimesikia. Sasa mwite mtoto, Mwalimu. Kwa jina lake. Watu wasikie."

Niligeuka kuelekea mlangoni. Mtoto alikuwa hatua sita kutoka kwangu, shingo yake nyembamba imeinama.

"Atukunda," nilisema.

"Kwa sauti," Kyarisiima alisema. "Ile sauti yako."

Nilikuwa na sauti iliyowahi kuwasimamisha watoto mia tatu uwanjani wakiwa katikati ya mchezo. Niliitoa yote. Jina lile liligonga mabati, na watu wa dawati la mbele wakashtuka, na mikono ikaanza kushuka mmoja mmoja, bila mlio, ikirudi magotini.

Vizibo saba vilikuwa vimesimama, kimoja juu ya kingine. Mtoto aliushusha mkono wake polepole, kwa uangalifu mkubwa, akaweka cha nane.